Mwanga Shavuni mwa Mama

Muda wote alioingia na kutoka chumbani mwa fundi cherehani, mpiga picha hakujiuliza umeme wa chumba kile ulitoka wapi. Aliona jinsi mwanga wa balbu ulivyotua shavuni mwa mama mgonjwa wa fundi huyo, aliona alama ambayo barakoa ya mashine ya kupumulia ilikuwa imemchora puani. Waya mwekundu uliopenya dirishani kutoka kwa jirani aliuona pia, ila kama mstari uliokaa vizuri kwenye picha, basi.

Asubuhi ya maonyesho ya picha zake alikuwa akinyoosha fremu ukumbini, fundi cherehani akaingia na utepe wa kupimia ungali shingoni.

"Ishushe."

"Karibu kwanza, dada..."

"Udada umekwisha. Mwenye nyumba ameiona hii picha jana mlipoitundika. Alitukatia umeme ili tuhame, sasa ameujua waya. Amekuja na mafundi wa shirika la umeme, wameukata. Mama yuko kwenye benchi la zahanati, anavuta hewa kwa taabu, na kitanda hakuna."

Mpiga picha akaiachia fremu.

"Mafundi wako radhi kufumba macho," fundi cherehani aliendelea, "na jirani yuko tayari kuurudisha waya kupitia darini. Lakini wakubwa wa shirika wamealikwa hapa mchana. Wakiuona huo waya, jirani anapelekwa mahakamani. Picha ikibaki, hathubutu."

Msimamizi wa ukumbi alikuwa amekwisha kusogea. "Hiyo haishuki. Ndiyo iliyo kwenye kadi za mwaliko."

"Kwenye kadi mmeweka uso tu. Waya uko hapa."

"Mama yako alikubali mwenyewe."

"Alikubali kupigwa picha. Hakukubali kukatwa pumzi."

"Punguza sauti, bibie. Hapa wanakuja watu wa heshima."

"Kwani mimi nimekuja uchi?"

Mpiga picha alijikohoza. Aliahidiwa kazi ya mwaka mzima na watu wa ukumbi ule. "Labda tungesubiri sherehe iishe," alisema, na maneno yalipomtoka tu, akatamani kuyameza.

Fundi cherehani alimtazama kuanzia viatu hadi kichwani, kama anayempima suti asiyotaka kuishona. "Ulikuwa ukimwita 'mama'. Ukikuta uji wake, unakunywa."

Kisha akainyanyua fremu mwenyewe kutoka kwenye msumari.

"Mzuie!" msimamizi alifoka.

Mpiga picha akaishika fremu. Msimamizi akashusha pumzi. Lakini mpiga picha aliilaza sakafuni kifudifudi, akafungua vibano kimoja kimoja, akaichomoa picha na kumpa binti wa mgonjwa. Fundi cherehani akatoa mkasi pochini, akaitenga sehemu ya dirisha na waya kwa mkato ulionyooka, akaikatakata vipandevipande. Uso wa mama akauviringisha, akautia kwapani.

"Kazi hapa umeikosa," msimamizi alimwambia mpiga picha.

Fundi cherehani alikuwa tayari mlangoni. "Usidhani deni limekwisha," alisema. "Picha zilizomo kwenye kamera je?"

Hakungoja jibu.

Waya ulirudi jioni ile ile, kupitia darini, na mama akarudishwa kwenye mashine yake. Mpiga picha alizipata habari hizo kwa muuza maji wa uchochoroni. Tangu siku hiyo, kila alipobisha kwenye mlango ule, cherehani ilinyamaza ndani, na hakuna aliyemfungulia.