Koroboi Chini ya Garimoshi

Mume wangu Okware ana kiburi, na sisemi hivi kwa kumsengenya. Nimeshamwambia mbele ya watu. Alikuwa fundi katika karakana ya reli pale Tororo mpaka mikono ikaanza kumtetemeka, wakamstaafisha. Mzungu mkuu wake, alipofunga mizigo kurudi kwao uhuru ulipokuja, alimwachia kigarimoshi cha shaba, kirefu kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidoleni. Usidhani kilikuwa mchezo wa watoto. Kilichemsha maji yake chenyewe, kikatoa mvuke, kikapiga filimbi, kikazunguka uwanja wetu juu ya reli zake ndogo. Babu wa yule Mzungu ndiye aliyekinunua, na kiwanda kilichokiunda kilishafungwa zamani.

Mwaka ule wa sitini na tano kikaharibika. Fimbo ya pistoni ilivunjika, vali ya kupunguza mvuke ikawa inavuja, na taa ya spiriti inayowaka chini ya boila, yaani lile tangi la kuchemshia maji, ikaliwa na kutu. Vipuri vyake huvipati popote. Okware alijaribu kuchonga mwenyewe. Nilimwona ameshika tupa, mkono unakwenda huku, tupa inakwenda kule, mpaka akaweka vyote chini. Akakifunika kigarimoshi kwa gunia. Tangu hapo akawa mtu wa kukaa tu, chai inapoa mbele yake, ukimsemesha anajibu "mm". Iliniuma sana.

Na fundi tulikuwa naye. Binti yetu Amoit ameolewa na Ojiambo, Msamia wa Busia upande wa Kenya, fundi wa bati. Anatengeneza ndoo, mabirika, na zaidi koroboi, zile taa za mkebe na utambi zinazouzwa kila soko. Okware hakumtaka. "Mimi nilikuwa nafungua injini kubwa kuliko nyumba," alisema, "halafu binti yangu anachukuliwa na mtu wa koroboi." Ng'ombe wa mahari aliwapokea, hilo halikumshinda. Lakini hakuwahi kumwita kijana nyumbani, na mkwe haji kwa wakwe bila kuitwa. Amoit akawa anakuja peke yake, anakaa kidogo, anaondoka na uso mzito.

Nikasema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kama Okware hainami, nitainama mimi. Alipokwenda matanga Lumino, nilikitia kigarimoshi ndani ya kikapu, nikakifunika na karanga, nikapanda basi la Busia. Kama Ojiambo angekiponya, basi Okware angekuwa na sababu ya kumwita. Kama angekiharibu zaidi, asingemwita mpaka kaburini, na mimi ningekuwa nimemvunjia mume wangu kitu alichokipenda. Nililijua hilo njia nzima.

Sasa kwetu, Mteso na Msamia hatutofautiani katika jambo hili: mama mkwe na mkwewe hawaonani uso kwa uso. Hamli pamoja, hamzungumzi, humwiti jina. Kwa hiyo nilikaa kwa jirani yao, Wilkister, nyuma ya ua wa matete, na Ojiambo akafanya kazi upande wake. Amoit akawa posta.

"Mwambie fimbo iwe nyembamba lakini isipinde," nilisema.

Amoit akaenda, akarudi. "Anasema atatumia spoku ya baiskeli."

"Na vali?"

"Gololi ya baiskeli, na springi ya tochi kuikandamiza."

"Mwambie baiskeli ya nani hiyo anayoimaliza."

Akaenda, akarudi akicheka. "Anasema ni yake, na kwamba atatembea kwa miguu."

Nikaanza kumpenda yule kijana. Pistoni aliizungushia uzi wa utambi aliouchovya kwenye grisi ili mvuke usipite pembeni. Kuhusu taa hakuuliza kitu. Alikata mkebe, akautia tambi tatu, akazilinganisha urefu. Kazi ya kila siku.

Kesho yake nikiwa namenya mihogo nikasikia chu, chu, chu. Amoit alikuwa kisimani. Nilijua siruhusiwi kuvuka, lakini miguu haikuniuliza. Nikapenya kwenye ua.

Kigarimoshi kilikuwa kimewekwa juu ya matofali, magurudumu hewani, yanazunguka vizuri kabisa. Ojiambo aliponiona aliinuka, akakimbilia shamba la mahindi. Hakukosea, ndivyo alivyolelewa. Ila aliacha taa inawaka.

Nikasimama pale na kile kitu. Mwanzoni nilifurahi tu. Kisha sauti ikabadilika, ikawa kavu. Mimi nimelala jirani na karakana ndoa yangu yote, na injini inayoishiwa maji naijua kwa sauti. Boila ikikauka juu ya moto, lehemu inayeyuka na viungo vyote vinaachana. Nikaishika taa niivute, ikaniunguza vidole. Nikaipulizia, ikazidi.

Nikasema kwa upole, kama naongea na hewa, kwamba aliye kwenye mahindi aje azime moto wake. Mahindi yakanyamaza.

"Ojiambo we, toka huko," nikamwita, jina lake zima, mdomo huu. "Taa yako inaua kitu cha mzee."

"Siwezi, mama," akajibu kutoka ndani. "Nimevua shati."

Hapo hasira zikanipanda. Nikamwambia mgongo wa mtu haujawahi kumuua mkwe, lakini Okware atatuua sote wawili. Basi akatoka kinyumenyume, mikono nyuma, akijikwaa kwenye matuta, na mimi namwongoza. "Kulia. Kulia tena. Simama. Inama. Iko mbele ya kidole chako." Akaipapasa, akaijua taa yake bila kuitazama, akaichomoa na kuizima kwa kifuniko. Kisha akarudi kwenye mahindi bila kugeuka.

Boila ilikuwa salama. Nikakaa chini nikacheka mpaka nikasikia mtu mwingine anacheka, nikatazama, ni Wilkister, ameweka kidevu juu ya ua. Nikajua siri imekwisha. Wilkister akijua, Busia yote inajua, pande mbili za mpaka.

Na jambo la namna ile halifichwi hata ukitaka. Mama mkwe akimwita mkwewe jina na kumwona mgongo, lazima achinjwe kuku wa kuondoa aibu, hapo hapo ilipotokea, na baba mkwe ale na mkwewe kuku yule. Wasipofanya hivyo, aibu inawakalia watoto wa Amoit. Yaani mimi niliyetoka kwa siri ilinibidi nimtume Amoit Lumino akamwambie babake kila kitu. Usiku ule sikula. Niliogopa kweli.

Okware alikuja amekunja uso. Hakunisalimu. Lakini alikuwa amepitia nyumbani Tororo, maana begani alibeba reli za kigarimoshi zimefungwa kwa kamba. Mwenye hasira tupu habebi reli. Nikanyamaza, jambo ambalo wanaonijua watakwambia si rahisi.

Mimi na Amoit tukachungulia kwenye matete. Wanaume wakala kuku. Okware akanawa, akakiinua kigarimoshi, akaichungulia fimbo, akaibonyeza gololi kwa kidole. Akageuza ile taa.

"Nani kalinganisha tambi hizi?"

"Mimi, baba."

"Mm."

Akapanga reli chini, akatia maji, akasema atawasha mwenyewe. Njiti ikawaka, mkono ukaanza. Njiti ikawa inapita kushoto kwa utambi, inapita kulia, inazimika. Akawasha nyingine, mambo yale yale. Nikafumba macho, maana nilijua akishindwa mbele ya yule kijana atakichukua kitu chake na kuondoka, na hatarudi.

Nilipofumbua, Ojiambo alikuwa amepiga magoti. Hakuomba apewe kiberiti. Aliichukua taa mikononi, akawa anaisogeza polepole kuufuata ule mkono, ukienda huku naye huku, mpaka moto na utambi vikakutana. Wala hakumtazama mzee usoni. Akaisukuma taa mahali pake.

Maji yakachemka. Kigarimoshi kikaondoka taratibu, kikazunguka, kikapiga filimbi kando ya mabirika ya bati. Okware alikitazama mzunguko baada ya mzunguko, na uso wake ukawa ule ninaoujua mimi.

"Kikiharibika tena," akamwambia Ojiambo, "usingoje kuletewa. Uje nyumbani."

"Nitakuja, baba."

Nyuma ya ua Amoit alikuwa analia, na mimi nikalia naye.