Turbo ya Kimaro na Kanga ya Mama

Usiku wa kuamkia leo niliota turbo ya gari langu imegoma kufanya kazi mpaka niiamkie.

Turbo yenyewe, kile kifaa cha kusukumia hewa kwenye injini, haikuzaliwa na gari. Gari ni Subaru kuukuu niliyoinunua hapa Winnipeg, injini yake ya kawaida, ya mtu mwenye subira zake. Turbo aliitafuta fundi Kimaro, Mmachame mwenye gereji nyuma ya nyumba yake. Aliichomoa kwenye gari la mzee mmoja aliyefariki, akanifungia mwezi wa tisa. Sasa ni Januari, digrii arobaini chini ya sifuri, na Kimaro amenibandikia masharti kwenye dashibodi kwa mwandiko wake mbaya. Nisikanyage mafuta kabla oili haijapata moto. Nikifika nisizime gari ghafla, niiache turbo ipumue dakika moja. Mwisho kaandika: "Mbwana, nakujua."

Mbwana ndiye mimi.

Katika ndoto, mama anafika leo kutoka Tanga. Baridi kali kuliko zote alizowahi kuziona ni ya Lushoto. Nami, kwa akili zangu, nimemwambia kwenye simu, "Ukitoka utanikuta nje." Mama ni mtu wa kushika neno, kwa hiyo najua kabisa kwamba amesimama nje.

Sijamwona kwa miaka saba. Baba alipofariki sikwenda kuzika, karatasi zangu hazikuruhusu. Mama aliponipigia kunieleza, nilimkatia simu, nikaizima siku mbili. Hajawahi kunisema kwa hilo. Kunyamaza kwake ndiko kulikonitisha kuliko barabara yenye barafu.

Nawasha gari. Linawaka. Nagusa mafuta kidogo tu, na sauti inatoka chini ya boneti.

"Hivi wewe, hata salamu hatupeani?"

Nikaieleza turbo kwamba nina haraka. Ikasema haraka ni zangu. Nikasema shikamoo. Ikaitikia marahaba, ikauliza za kulala, za kazi, za nyumbani, na yule jirani wa ghorofa ya chini mwenye mguu mbovu anaendeleaje. Kila nikijibu, mshale wa joto unapanda kidogo. Nilipojaribu kuunganisha majibu mawili ili tumalize upesi, ukashuka. Nikachomoa kijiti cha kupimia oili kuona hali, kikatoka na ugali wa sembe, mgumu. Ulianza kulainika tulipofika kwenye habari za wajomba.

Ndipo nikaona kuna mtu kiti cha nyuma. Amevaa suti ya kijivu, mikono kaiweka magotini. Akajitambulisha kwa adabu kwamba yeye ni Baridi, anaomba lifti mpaka uwanja wa ndege. Nikamuuliza anakwenda kumpokea nani.

"Mama yako," akasema. "Atakayempokea mzigo ndiye mwenyeji wake mpaka siku ya kuondoka. Ndiyo sheria ya huku."

Nilimwogopa. Nilitamani kumshusha, lakini alikuwa ameshafunga mkanda.

Tunatoka. Barabara inakata kona kwenye duka la matairi na mara tuko Muheza, njia ya Tanga. Theluji imefunika mikonge, mstari kwa mstari. Wauza machungwa wamekaa palepale wanapokaa siku zote, wamevaa makoti ya manyoya. Mmoja ananigongea dirisha kwa chungwa. Kioo kinapata ufa, chungwa halina hata mkwaruzo.

Mbele kuna mizani. Askari ananisimamisha, lakini gari hana habari nalo, anapima hewa inayoingia kwenye turbo. Anasema hewa ya baridi ni nzito, kila pumzi moja ni kilo mbili na nusu, na injini yangu imeandikishwa kubeba kilo moja. Nishushe. Nikachukua koleo, nikapakua hewa pembeni mwa barabara, donge kwa donge. Baridi akavua koti akanisaidia, na kusema haki, alifanya kazi vizuri.

Tuliporudi garini haraka ikanirudia. Mama yuko nje muda wote huu, na huyo Baridi ninayekimbia asimfikie mama, nimembeba mwenyewe. Mguu ukaniponyoka, nikakanyaga mafuta.

Turbo haikupiga kelele. Ilisema kwa sauti ya chini, "Injini hii ikipasuka, mimi nitatafutiwa gari jingine. Mama yako atatafutiwa nani?"

Nikaondoa mguu. Tukaenda mwendo wa msafara wa harusi mpaka mwisho, nami nauma vidole.

Uwanja wa ndege ulikuwa barazani kwetu, Ngamiani, Tanga, isipokuwa kuna ndege imeegeshwa kwa Mzee Hoza muuza mkaa. Mama amesimama nje kama nilivyomwambia. Amejifunga doti ya kanga nyekundu, moja kiunoni, moja kichwani, miguuni ana ndara. Kope zake zimeshika barafu. Mkoba uko pembeni ya mguu wake.

Nataka kuruka nje. Turbo inapiga mluzi, inasema bado dakika moja, na mlango wangu haufunguki. Saa ndogo aliyoifunga Kimaro kwenye dashibodi inaanza kuhesabu kurudi nyuma. Mlango wa nyuma ukafunguka bila shida. Baridi akashuka, akanyoosha suti, akaenda kushika mkoba.

Mama hakuuachia. Alimtazama juu mpaka chini.

"Wewe ni mtoto wa nani?"

Baridi akasimama na mkono wake hewani.

"Sijui, mama," akasema. "Huku hakuna aliyewahi kuniuliza."

Mama akasema maskini, akamwambia akae barazani asubiri uji. Akakaa. Nami, pamoja na hofu yote niliyokuwa nayo, nikamwonea huruma.

Mama akaja na mkoba wake mwenyewe, akagonga boneti, akauliza ni nani anayehema humo ndani. Nikamweleza kwa kupitia ufa wa kioo kwamba ni turbo, mgeni kwenye injini hiyo, mwenye gari lake la kwanza alifariki, na imetoka mbali, haifai kuzimwa ghafla. Mama akafungua boneti, akavua kanga ya kichwani, akaifunika turbo na kuichomekea pembeni kama anavyofunikwa mtoto mwenye homa. Kisha akaingia, akakaa kando yangu, mkoba kaupakata. Saa ilikuwa kwenye sekunde thelathini.

"Siku ile ulinikatia simu," akasema, akitazama mbele.

Nikamwambia nilikuwa kazini, ghalani, watu wamenizunguka, na kilio kilikuwa kimenifika kooni. Sikutaka akisikie.

"Nilikisikia," mama akasema. "Nilikaa na simu sikioni mpaka alasiri. Nilidhani utarudi."

Nililia palepale, wala sioni haya kulisema. Mama hakuninyamazisha. Chini ya boneti mluzi ukawa unapungua, unapungua. Sekunde tatu. Mbili. Akauhamisha mkoba kutoka mapajani mwake, akauweka mapajani mwangu.

Gari likajizima, nikaamka.

Ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi, na dirisha limeganda barafu kwa ndani. Ndege ya mama, ile ya kweli, inatua saa tano. Kwenye simu nikakuta ujumbe wake wa sauti kutoka uwanja anakobadilishia ndege ya mwisho. Amefika salama, anasema, chakula cha ndege hakina chumvi, ila kuna jambo limemshangaza. "Nilijifunika doti nzima, nikasinzia kwenye benchi. Nimeamka na kanga moja. Nimepekua mkoba wote. Basi, huenda kuna aliyeihitaji."

Nikakwangua barafu kwa kadi ya basi, nikachungulia. Gari liko palepale nilipoliacha jana, waya wa kupashia injini moto umechomekwa kwenye umeme. Kwenye ukingo wa boneti imebanwa ncha ya kitambaa chekundu, imekakamaa kwa barafu.

Nikampigia mama, nikamwamkia, nikamwambia asitoke nje kabisa, nitakuwa ndani, mlangoni, atanikuta nimesimama. Akasema haya mwanangu, tutaonana. Mimi sikukata. Nikavaa makoti yangu mawili, nikashuka ngazi na simu sikioni, nikimsikia anahangaika kutafuta pa kubonyeza ili akate. Nikaingia garini, nikawasha, nikasema shikamoo.

"Marahaba," mama akaitikia. "Lakini si umeshaniamkia?"

Nikamwambia ndiyo, nimeshamwamkia, ila leo sina haraka.