Mapazia ya Chumba cha Nyuma

Mto ulipofurika na kuingia mtaani, fundi cherehani alikuwa na mgongo mmoja tu. Akambeba bibi mwenye nyumba aliyempangisha, huku binti yake mdogo amemng'ang'ania kiunoni. Cherehani ikaenda na maji.

"Mwanangu," bibi alimwambia walipofika kilimani, meno yakigongana kwa baridi, "nyumba yangu ikisimama tena, chumba chako ni chako."

Nyumba ilisimama. Wafadhili waliwajengea upya wenye hati za viwanja. Wapangaji wakapewa mablanketi na pole nyingi. Fundi alibaki hemani na binti yake, akishona kwa cherehani ya kuazima. Aliposikia nyumba ya bibi imeezekwa, alinawa uso, akaenda mbio mbio.

Alipokelewa na mtoto wa kiume wa bibi. Huyu siku ya mafuriko hakuonekana, lakini misaada ilipoanza kuja ndiye aliyekuwa msemaji wa familia.

"Dada, usinielewe vibaya," alisema. "Vyumba vyote vimechukuliwa na watu wa kampuni inayojenga daraja. Wanalipa mwaka mzima mbele. Mimi ningefanyaje?"

Bibi alikuwa ameketi sebuleni, anasikia kila neno. Fundi alipomtazama, bibi akaanza kupapasa mezani kutafuta miwani. Miwani ilikuwa usoni.

"Ila hatukutupi," mwanawe akaongeza. "Tunataka mapazia. Na nyumba nyingine za mtaa huu nitakuunganisha."

Fundi alitamani kumtemea mate. Akakumbuka kikohozi cha binti yake hemani. Akameza.

"Ya rangi gani?"

Mapazia yalipokuwa tayari, fundi alikuwa juu ya kiti, akitundika pazia katika chumba alichokuwa akiishi, mpangaji mpya alipoingia na begi.

"Samahani, mama. Maji yalifika huku?"

Mlangoni, mtoto wa bibi alijikohoza, macho yote kwa fundi.

"Hayakufika," fundi alisema, pini mdomoni. "Huku ni juu."

Mpangaji akashusha pumzi, akatua begi.

Fundi alipokuwa akitoka, bibi alimshika mkono. "Mwanangu, mimi sina sauti tena humu ndani."

Miaka yote fundi alikuwa akimwita mama. Aliutoa mkono wake taratibu.

"Kwaheri, mwenye nyumba," alisema, akaenda kupima madirisha ya jirani.