Filamu Iliyorudi Kisegi

Sauti ya Cate ilimfikia Phelesia akiwa na kipande cha chapati mdomoni. Alikuwa ameketi katika kibanda cha chai karibu na steji ya bodaboda mjini Migori, kamera imelala mapajani, akingoja simu ya familia moja iliyotaka kupigiwa picha za mazishi ya Ijumaa. Ile sauti ilisema taratibu, kwa lafudhi ya watu wa ziwani:

"Jaketi zilikuwa stoo. Mpya. Bado ziko kwa nailoni."

Akageuka. Cate hakuwepo. Waliokuwepo ni waendesha boda wanne walioinamia simu moja kama watu wanaoota moto. Hakuna aliyecheka. Abiria mmoja alisimama mbele yao na gunia lake, akangoja, asionwe na mtu.

Kwa muda wa pumzi moja furaha ilimpanda Phelesia hadi kooni. Kwa miaka mitatu aliitengeneza filamu ile, siku moja moja alizoziiba kati ya harusi na matanga, na hakuwahi kuwaona watu wakiitazama. Hawa walikuwa wakiitazama. Mmoja alikuwa ameweka kiganja mdomoni. Kisha ile furaha ikapoa: hakuwa amempa filamu hiyo mtu yeyote Migori.

"Hiyo muvi mmetoa wapi?"

"Kwa Levis," mmoja akajibu bila kuinua macho. "Ni ya bure, madam. Ama nikurushie saa hii?"

Cate alikuwa mjane wa Kisegi, kule Phelesia alikozaliwa. Mumewe alizama na wenzake watano siku ya upepo, boti ya watu sita ikiwa na jaketi mbili za kuokolea maisha. Nyingine ishirini, zilizoletwa na mradi ili wavuvi wagawiwe, zilikuwa zimefungiwa katika stoo ya mwenye boti zikingoja wanunuzi. Cate alikubali kuyasema hayo mbele ya kamera, uso wazi, kwa sharti moja. Waliafikiana wakiwa wamechutama kando ya nyavu kuukuu alizoanikia omena, wale dagaa wa ziwani. "Ipeleke mbali," Cate alisema. "Nairobi, Ulaya, popote. Hapa, la. Mpaka mwanangu Tony amalize shule." Phelesia akaapa.

Duka la Levis lilikuwa upenyo kati ya kinyozi na muuza mbolea. Levis alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, shemasi kanisani kwake, fundi wa kompyuta ambaye pia aliwajazia watu muvi kwenye flash. Wakati wa masika diski ya Phelesia ilikufa na filamu nzima ndani yake, na ni Levis aliyeifufua baada ya kuishughulikia siku tatu. Siku ile alimshukuru hadi machozi yakamtoka.

"Levis, nilikuletea diski utengeneze. Sikukuletea muvi ugawe."

Levis alizima redio. Hakukana. "Madam, sijauza hata moja. Uliza mtu yeyote. Nimepeana tu."

"Afadhali ungeuza. Ungeuza, wangeiona watu kumi."

"Na wewe ulitaka ionwe na nani?" Alisema bila hasira, kama mtu aliyekwisha kujiuliza swali hilo mwenyewe. "Watu wa Nairobi? Wakae kwa viti laini, wapige makofi, waende nyumbani? Hao hawapandi boti. Juzi huko Sori wavuvi walikataa kuingia maji. Boti kumi na moja zilikaa ufuoni mpaka saa nne, mpaka wenyewe wakaleta jaketi. Chifu amehubiri hiyo maneno miaka ngapi? Si chifu aliwasimamisha. Ni muvi yako."

Habari ile ilikuwa tamu kwa Phelesia, na ilikuwa kweli. Alikuwa ameisikia pia kwa watu wengine bila kujua chanzo chake. Lakini sasa alielewa pia barua aliyoipokea asubuhi kutoka kwa tamasha la filamu la Nairobi, lile lililokuwa limempa nafasi. Tunasikitika, walisema. Filamu iliyokwisha kusambaa mtandaoni haipokelewi. Alidhani wamemchanganya na mtu mwingine.

Hata hilo angelimeza.

"Yule mama anakaa Kisegi," alisema. "Kutoka mlango wake unaona ile stoo."

Levis alimkazia macho. Mkono wake ukatafuta kiti, akaketi.

"Mimi nilidhani ni mwigizaji," akasema.

Nje, mtu aliita jina lake, akanyoosha flash ajaziwe. Levis hakumwona. "Naweza kufuta," alisema. "Nifute yote."

"Utafuta kwa simu ngapi?"

Phelesia alimpigia Cate pale pale mlangoni. Simu ilikuwa imezimwa. Akapiga tena akiwa njiani kwenda nyumbani, na tena alipokuwa akipakia vyombo vyake kwenye begi. Alipakia kila kitu, hata projekta aliyoitumia kuonyesha picha za marehemu matangani, kwa kuwa mikono yake ilitaka kazi na hakujua angehitaji nini.

Alifika Kisegi kesho yake jua likiwa utosini. Wanawake wa omena walikuwa wameinama juu ya nyavu zao, fedha ya samaki wadogo ikimeta hadi karibu na maji. Aliwasalimia. Waliitikia vizuri, kila mmoja, kisha wakairudia kazi upesi mno. Hakuna aliyemuuliza habari za Migori. Hakuna aliyemtania kwamba amenenepa.

Uwanja wa Cate ulikuwa mtupu. Wavu wake ulikuwa umetandazwa kama kawaida, bila samaki hata mmoja, na katikati, kutoka mwanzo hadi mwisho, ulikuwa umepasuliwa. Haukuchanika. Mkato ulikuwa umenyooka, kazi ya mtu mwenye kisu kikali na asiyekuwa na haraka.

Cate aliketi kando akishona, uzi wa nailoni ukiwa kati ya meno.

"Si mimi, Cate," Phelesia alisema. "Naapa si mimi."

"Najua." Alikata uzi. "Siku ya nne leo. Nikipeleka karai kwa boti, wananiambia omena imeisha. Naiona hapo ndani imejaa, na wananiambia imeisha."

"Wameiona wote?"

"Wote. Kila mtu na simu yake, chini ya blanketi. Asubuhi nikisalimia, wananiangalia miguu."

Kabla Phelesia hajajibu, kivuli kilipita juu ya wavu. Alikuwa Maurice, mwenye boti, mzee nadhifu mwenye shati jeupe lililopigwa pasi. Alimpa Phelesia mkono, na mkono wenyewe ulikuwa wa joto.

"Phelesia, nyathina," alisema, kwa sauti ya mtu anayemwita mwanawe. "Umekuja nyumbani na hupiti kwangu? Nimetazama picha yako. Mara mbili. Kazi safi. Hata mlango wa stoo yangu umetoka vizuri."

"Asante, mzee."

"Ni mimi tu hamkuniuliza." Alitabasamu, akamgeukia Cate. "Mama Tony, pole na wavu. Siku hizi watu wana roho mbaya." Akatazama kilimani, kulikokuwa na shule. "Nilimwona Tony jana akitoka darasani. Amekuwa mrefu. Anatembea peke yake, eh? Njia ile ya kichakani."

Akawatakia mchana mwema, akaondoka polepole akiwasalimu wanawake kwa majina yao. Kila mmoja aliinuka kidogo alipoitwa.

Phelesia alichutama kando ya Cate. "Pakia vitu. Wewe na Tony mtakaa kwangu Migori. Leo."

"Mpaka lini?"

"Mpaka watu wasahau."

"Mtihani wake ni Novemba. Na baba yake amezikwa hapa." Cate aliweka sindano chini. Akayatazama maji, na alipozungumza hakuonekana kuzungumza na mtu. "Wakati hakuna aliyejua, nilikuwa salama. Sasa wanajua, lakini kila mtu anajua peke yake. Anaweza kusema hakuona. Hata Tony akipatwa na kitu, watasema hawakuona." Akamgeukia. "Ile mashine yako ya matanga, umekuja nayo?"

"Cate, hapana."

"Uliniapia haitaonyeshwa hapa. Nakuondolea kile kiapo. Waonyeshe. Wote, mahali pamoja, na mimi nimekaa ndani."

Phelesia alibisha hadi jua likainama. Kisha alikwenda kwa katibu wa ufuo kuomba ufunguo wa banda la kupimia samaki. Katibu hakusema ndiyo wala la. Aliuweka ufunguo juu ya mzani, akatoka, akamwacha nao.

Jumapili saa nane, baada ya kanisa, walifunika madirisha kwa magunia na kutundika shuka ukutani. Phelesia alidhani hatakuja mtu. Walikuja wawili, kisha sita, kisha wakawa wengi hivi kwamba wengine walisimama. Wanaume walibaki nyuma, kofia mkononi. Cate aliketi benchi la mbele katikati, Tony ubavuni mwake, na benchi lote lililosalia likakaa wazi kulia na kushoto. Joto na harufu ya samaki vililijaza banda. Wa mwisho kuingia alikuwa Maurice, na shati lake jeupe. Watu walimpisha. Alitembea hadi mbele, akaketi upande wa pili wa Tony.

Phelesia alisita, kidole juu ya kitufe. Cate, bila kugeuka, akaitikia kwa kichwa mara moja: endelea.

Ziwa likatokea shukani. Boti. Mlango wa buluu wenye kufuli. Kisha uso wa Cate ukajaa ukutani, mkubwa kuliko mlango, ukaanza kusema.

Maurice akasimama.

Alisimama katikati ya mwanga, akawageukia watu, kama anayetaka kutoa tangazo. Projekta haikumjali. Uso wa Cate ulihama kutoka ukutani ukamwangukia kifuani, juu ya lile shati jeupe, macho yake yakiwa wazi, mdomo ukisema kuhusu jaketi na nailoni. Maurice alijitazama. Alijipangusa kifua kwa kiganja, mara moja, mara mbili, na uso ukaendelea kusema juu ya mkono wake.

Hakuna aliyemwambia aketi. Nyuma, karibu na mlango, mtu alianza kusogea mbele kwa hatua nzito, akipasua umati, na katika giza lile Phelesia hakuweza kujua anakuja kukaa upande wa Cate au wa Maurice.