Nani Alikufundisha Kukata?

Chama cha mafundi wa kushona kilinituma mtaa wa Bantama nikakague duka la Madam Frema: wanagenzi wake wanafundishwa, au wanatumikishwa tu? Tangu niingie sikutulia. Nilikaa, nikasimama, nikahesabu vyerehani, nikavihesabu tena. Ukaguzi huniwasha mwili mzima.

Dufie, mmoja wa wanagenzi, alikuwa amemaliza miaka mitatu pale. Jumamosi ndiyo siku yake ya kuachiliwa kama fundi kamili: Madam angemmwagia poda kichwani na kumbariki mbele ya watu, kisha yeye afungue duka lake. Bila poda ile, Kumasi nzima hakuna mteja ambaye angempelekea hata leso ya kupinda.

Nikamtandikia kitambaa mezani. "Nikatie blauzi ya vipimo vyangu, mdogo wangu."

Madam akacheka huku akipiga pasi. "Anti, hapa mkasi naushika mimi. Akikuharibia utavaa?"

"Nitavaa."

Dufie akapima, akapiga chaki, akakata moja kwa moja. Bega sawa, kwapa sawa. Nilifurahi, kisha hasira zikanipanda.

"Nani alikufundisha kukata?"

"Nguo za wateja zikirudi kurekebishwa, mimi ndiye ninayezifumua," alinong'ona. "Nikifumua, naona zilivyokatwa."

Miaka mitatu ya kuosha vyombo na kubeba watoto wa Madam, na ufundi anauiba kwenye mishono ya watu! Nikafungua fomu. Mafunzo ya kukata: sifuri. Kalamu ilikuwa tayari.

"Andika tu," Madam akasema bila kuinua macho. "Kama sikumfundisha, basi si mwanafunzi wangu. Jumamosi nitammwagia nani poda?"

Dufie akanishika kiwiko. "Anti, nakuomba. Andika ni Madam. Mama keshaalika watu. Wewe utaondoka, mimi nitabaki na nani?"

Mkono usioweza kuukata, ubusu. Nikaandika kuwa Madam Frema kamfundisha, na vizuri.

Njia nzima hadi mtaani kwangu Asafo nilijichukia, na zaidi nikamlaani yule Madam mchoyo. Nilitembea haraka hadi kiatu kikanichubua.

Kwenye duka langu la ushonaji wanagenzi wangu wanne walikuwa wamekaa, mikono mapajani, vyerehani kimya, vitambaa vimekunjwa mezani vilevile nilivyoviacha.

"Karibu, Madam," mkubwa wao akasema. "Tangu asubuhi tunakusubiri uje ukate."