Fataki Nyengine

Uchovu si mchezo, jamani. Unamfanya mtu mwenye akili zake timamu atende jambo ambalo angelimkataza mwanawe kwa bakora. Na Msellem alikuwa hoi. Tangu Khole mkewe afanyiwe upasuaji wa goti, kupika ni yeye, kufua ni yeye, kumpeleka kwa daktari kule Madinat Sultan Qaboos na kurudi Al Amerat kwa njia ya mlimani, ni yeye.

Hata hivyo usiku wa kuamkia Idi aliingia storini kujaza risasi. Kila Idi wazee huenda wadini, bonde kavu nje ya mji, kupiga shabaha kwa bunduki walizorithi kwa baba zao, zenye vibali, na risasi zake Msellem hujaza mwenyewe. Ganda lililokwisha kupigwa hulisafisha, akalitia kitakoni fataki mpya, kile kidude kinachowasha baruti, kisha baruti kwa mzani, kisha kichwa cha risasi juu. Safari hii fataki alizozizoea alizikosa kila duka. Akapewa nyengine, zinaingia tundu lile lile, ila moto wake mkali zaidi. Kanuni anaijua kama Alhamdu: ukibadilisha fataki, baruti uipunguze, uanze chini, upige chache, uyatazame maganda, ndipo uiongeze kidogo kidogo. Hiyo si kazi ya usiku mmoja. Msellem akajiambia, aa, zinafanana hizi! Akajaza kipimo chake cha siku zote, ambacho tangu hapo kilikuwa kimefika ukingoni mwa usalama, akazitia risasi kwenye kopo la halua, akaliweka mezani, akalala.

Asubuhi yumo msikitini, hotuba ya Idi inaendelea, ndipo lilipomjia alilolifanya. Akarudi nyumbani mbio.

"Khole, kopo la risasi liko wapi?"

"Murshid kasali mapema kwao, kapita hapa kutupa mkono wa Idi, anakwenda wadini. Kazisifu risasi zako, kazisifu weee! Ningefanyaje? Nimempa."

"Lahaula!"

Murshid ni mkwe wao, babake Hajar aliyeolewa na mtoto wao. Na kwao wao, mgeni akisifu kitu, kitu kimeshakuwa chake, na kilichotolewa hakidaiwi. Kumdai mkwe, tena siku ya Idi, ni kumvua nguo. Msellem akapiga simu, haikupatikana. Huko wadini mtandao hakuna. Akaingia garini na joho lake la Idi, anaendesha huku akilini anamuona Murshid hana uso.

Alimkuta amesimama mbele ya wenzake, bunduki mkononi, risasi imeshaingia.

"Murshid! Usipige!"

"Idi mbarak, mkwe. Mbona unahema?"

"Lile kopo. Nirejeshee."

Murshid akakunja uso. "Nimepewa na mwanamke wa heshima, kwa mkono wake. Leo unanifuata kuninyang'anya mbele za watu?"

"Nimetia fataki nyengine, kali, na baruti sikuipunguza. Bunduki yaweza kukupasukia usoni."

"Wewe? Wewe unayetusomesha sote?" Murshid akacheka kwa uchungu. "Sema una choyo, nikuelewe." Akaipandisha bunduki begani.

Msellem akakishika kitako cha bunduki. "Basi nipe nipige mimi. Nlokosea mimi, uso wako una dhambi gani? Nenda kakae kule mbali. Wallahi sitanii, Murshid. Nlikuwa nimechoka, nikafanya uvivu. Ndiyo hivyo tu."

Murshid akamtazama. Mkono ule uliokishika kitako ulikuwa unatetemeka, na macho yalikuwa mekundu kwa usingizi wa wiki nyingi. Akaifungua bunduki, akaitoa risasi, akairejesha koponi, akampa kopo. Kisha akamshika mkono, wakaenda nyuma ya gari wasikosikika.

"Zile fataki za zamani ninazo," akasema taratibu. "Nyumbani Mawaleh, pakiti nzima, sijaifungua."

"Na mimi nimeuzunguka mji mzima! Kwa nini hukusema?"

"Ungeniuliza mbona sizitumii." Murshid akaunyosha mkono wake wa kulia, nao ukacheza hewani, vibaya kuliko wa Msellem. "Nikimimina baruti, yote inamwagika. Tangu mwaka juzi sijazi tena. Ndiyo maana kila Idi napita kwako, nasifu. Kuomba naona haya."

Msellem akazikumbuka Idi zilizopita, sifa zile zote, na namna alivyokuwa akivimba kichwa. Hata kucheka hakuwa na nguvu. Akaliegemea gari, kopo liko kifuani, moyo unamuuma kwa huruma, asijue ni huruma ya nani kati yao wawili.

"Risasi hizi ntazifungua zote, niimwage baruti," akasema mwishowe. "Halafu njoo na pakiti yako. Mimi ntamimina, wewe utasoma mzani. Na ukiniona nimechoka, mkwe, niambie niache."