Uso Haujatambulika

Mkunga hakuwa mshamba wa simu, hilo lijulikane mapema. Kwa miaka thelathini na minne alizalisha watoto wa watu, na alipostaafu alijifunza simu kama alivyojifunza kila kitu: kwa kuibonyeza mpaka ikasalimu amri. Kwa hiyo asubuhi ile, alipomkalisha mumewe karibu na dirisha ili mwanga umpate usoni, hakuwa na wasiwasi. Kazi ya dakika mbili.

Mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi kwa kuwa nusu ya milango ya pale aliipachika yeye, alikuwa amepigwa na kiharusi miezi mitano nyuma. Upande wa kulia wote ulikwenda: mguu, mkono, na shavu likalegea kama pazia lililochomoka kwenye ndoano. Mara mbili kwa wiki alipelekwa hospitali kwa mazoezi ya viungo, akitibiwa kwa kadi ya wazee. Ndipo ikaja sera mpya. Kila mwenye kadi ahakikiwe kwa simu kila miezi mitatu, ili wajanja wasitibiwe kwa kadi za marehemu.

"Tazama mbele," simu ilisema kwa sauti tamu. Fundi akatazama. "Fumba macho." Akafumba. "Sasa tabasamu."

Fundi akatabasamu. Mkunga alikuwa ameishi na mtu huyu miaka arobaini na moja, na alijua hilo ni tabasamu, tena la kutoka moyoni. Upande wa kushoto ulipanda. Wa kulia haukutikisika.

"Uso haujatambulika. Jaribu tena."

Walijaribu tena. Mara ya tatu Fundi aliinua mkono wake mzima, akalisukuma shavu bovu juu kwa kidole, akalishikilia hapo.

"Ondoa mkono usoni," ilisema simu. Kisha ikaandika kwamba kadi imesimamishwa kwa siku kumi na nne.

"Ha-itaki," Fundi alisema. Maneno siku hizi yalimtoka kwa kuvutwa.

"Haitaki nini?"

"Mimi."

Mkunga aliiweka simu mezani taratibu, maana angeishika sekunde moja zaidi ingekwenda ukutani.

Kesho yake alikuwa kwenye ofisi ya huduma za wazee. Karani alimsikiliza kwa adabu, akabonyeza hapa na pale, akatikisa kichwa. "Mama, mfumo unakataa."

"Mfumo ni nani? Nipeleke kwake nikazungumze naye."

Karani alicheka, akidhani ni utani. Akamshauri asubiri siku ziishe, na mzee apumzike vizuri kabla ya kujaribu. Mkunga alisubiri. Wakajaribu, wakafungiwa tena. Akarudi ofisini, akaambiwa yaleyale. Huko hospitali, mtaalamu wa mazoezi, dada mwenye huruma zake, alimwonyesha kioo cha kompyuta: bila kadi, faili la Fundi halifunguki, na asiye na faili haruhusiwi kuguswa. Wiki sita zikapita hivyo, Fundi amekaa dirishani kama mzigo uliosahauliwa na mwenyewe.

Safari ya tatu Mkunga alikwenda naye. Alimsukuma kwenye kiti cha magurudumu mpaka mbele ya meza, akawapita wote waliokuwa kwenye foleni, na hakuna aliyethubutu kumwambia kitu.

"Huyu ni mtu au si mtu?" alimuuliza karani.

"Ni mtu, mama."

"Yuko hai?"

"Yuko hai."

"Basi andika kwamba yuko hai."

"Hapa hakuna pa kuandika, mama. Mfumo…"

"Usinitajie mfumo!"

Sauti ile iliwahi kunyamazisha wodi nzima ya wazazi. Mlango wa ndani ukafunguka, akatoka mkuu wa ofisi, tai imekaa sawa, uso wa kupoza mambo.

"Mama yangu, hasira hasara."

"Hasara nimeshaipata, mkuu. Kilichobaki ni hasira." Alimbwagia karatasi tupu mezani. "Niandikie hapa: mimi fulani, mkuu wa ofisi hii, nimemnyima mgonjwa wa kiharusi tiba ya kiharusi kwa sababu ana kiharusi. Kisha utie sahihi. Nikipata hiyo naondoka."

Foleni ilicheka, lakini hakikuwa kicheko kizuri. Mzee mmoja ambaye mikono ilimtetemeka, hata simu ikashindwa kumpiga picha, akasema, "Na mimi niandikie." Mama mwenye mtoto wa jicho akasema naye aandikiwe. Mkuu akaitazama karatasi kama inaweza kumuuma. Akamsogeza karani, akaketi, akabonyeza mara mbili tu.

"Tayari. Kadi imefunguliwa."

Mkunga alidhani hakusikia vizuri. "Umefanyaje?"

"Kuna kitufe cha kuthibitisha kwa mkono. Mkuu wa ofisi anaruhusiwa."

"Kimekuwepo tangu lini?"

"Tangu mfumo uanze," alisema mkuu, akirekebisha tai ambayo haikuhitaji kurekebishwa. "Ila tumeagizwa tusikitumie sana. Kinaharibu takwimu."

Mkunga aliichukua karatasi yake mezani. Akakishika kiti, akamtoa mumewe nje.

Siku iliyofuata mtaalamu wa mazoezi aliunyanyua mkono wa Fundi, na Fundi akapiga ukelele. Bega lilikuwa limekauka, vidole vimejikunja. "Tulikuwa tumefika mbali," dada yule alisema kwa sauti ndogo. "Sasa tunaanza upya, na sijui kama yote yatarudi."

Jumatatu Mkunga alirudi ofisini peke yake. Alikaa kwenye benchi, na kila aliyeingia alimwinamia sikioni: "Kuna kitufe. Wakikukatalia, omba kitufe." Kabla ya saa nne watu saba walikuwa mezani wakidai kitufe, na karani anatokwa jasho.

Mlinzi alitumwa kwake. "Mama, unasubiri huduma gani?"

"Nasubiri wenzangu," alisema, akamsogelea mzee aliyekuwa akiingia na fimbo yake.